Nyumba Moja, Wanafunzi Wawili

Nyabiondo, tarehe 16 Aprili 2007

Madame Léontine,

Mimi ni Karekezi Eugène, mufugaji wa ng'ombe huku juu ya Nyabiondo. Niliona karatasi yako kwenye mulango wa depo ya maziwa: «Natayarisha watu kwa concours ya kuingia Droit, masomo ya sheria, Goma. Masomo kwa barua, kila muntu somo lake.» Niliisoma mara tatu nikijifanya nangojea jerikani zangu.

Niko na miaka makumi tatu na tisa. Diplôme yangu ni ya mwaka 1988, na alama zake ni kidogo. Bila kushinda ule mutihani wa concours hawawezi kunipokea. Mwaka ule baba yangu alikufa, ng'ombe zikabaki, na mimi nikabaki nazo. Tangu pale watu wananiita niwasemee mbele ya chifu: mipaka ya shamba, ng'ombe iliyoingia mu maharagi ya jirani. Nashinda mara mingi. Lakini mwezi uliopita nilimusindikiza mama mumoja mujane mupaka tribinali ya kweli, Masisi-centre. Avoka wa upande ule, wakili wa kusomea, akaniuliza: «Papa, wewe unasema hapa kama nani?» Wakanikalisha kwenye benchi, na yule mama akapoteza shamba lake mbele ya macho yangu. Njo sababu nakuandikia.

Iko jambo moja. Kwangu naishi na mama yangu Mukabaranga na binti yangu Tuyisenge. Wasijue. Nikianguka mutihani mu umri huu, mama atanicheka mupaka Noeli. Barua zako umupe Bienvenu, yule wa piki-piki anayebeba fromage yetu, jibini ya maziwa yetu, mupaka kwenu Pinga. Aziweke mu mukono wangu, si mu mukono wa mwengine.

Karekezi Eugène


Nyabiondo, tarehe 23 Aprili 2007

Dada Léontine,

Naitwa Tuyisenge, niko na miaka kumi na nane, nilipata diplôme mwaka jana. Niliona karatasi yako kwenye depo ya maziwa. Ilikuwa imeanza kupasuka pembeni, nikaibandika vizuri zaidi. Kwa hiyo umeshakuwa na deni langu.

Nataka kuingia Droit. Nyogokuru, mama wa papa yangu, anasema nilizaliwa nikibisha. Basi nibishe mahali ambako watu wanasikiliza. Shida njo papa. Karekezi ni muntu muzuri sana, uliza kilima chote. Lakini tangu mama afe, hapendi niende mbali hata mupaka sokoni. Nikimutajia Goma atasema njia ni mbaya, na njia ni mbaya kweli, sitakuwa na la kumupinga. Nataka ajue siku jina langu limebandikwa kwenye liste, si mbele ya siku ile.

Tafazali usimwambie muntu. Na barua umupe Bienvenu, anipe mimi mwenyewe kwenye kisima.

Tuyisenge


Pinga, tarehe 2 Mei 2007

Papa Karekezi,

Nimefurahi kukupokea. Ujue unaandikiana na nani: nilimaliza licence, shahada ya Droit, nikafanya stage, mazoezi ya kazi, kwa avoka mmoja Goma, na sasa niko hapa Pinga namsaidia dada yangu Kavira dukani, huku nikijitayarisha kwa mtihani wa barreau wa mwezi wa kumi, ule wa kuingia chama cha maavoka. Nauza sabuni kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mwingine.

Siri yako iko salama. Avoka akipewa siri haigawi, hata kwa mtu anayelala chini ya paa moja na mwenye siri. Bado si avoka kamili, lakini nimeamua kuanza na hilo.

Zoezi la kwanza ni la logique, yaani mantiki: «Ng'ombe zote za Papa Muhire ni nyeusi. Ng'ombe hii ni nyeusi. Je, ni ya Papa Muhire?» Jibu kwa ukurasa mmoja.

Léontine Mbambu


Pinga, tarehe 2 Mei 2007

Mpendwa Tuyisenge,

Asante kwa karatasi uliyoibandika. Deni nitalilipa kwa wino mwekundu.

Siri yako iko salama. Avoka akipewa siri haigawi, hata kwa mtu anayelala chini ya paa moja na mwenye siri. Nimelazimika kuiandika sentensi hii mara mbili leo, na naona itanipa kazi.

Zoezi la kwanza liko nyuma ya karatasi hii. Linahusu ng'ombe.

Dada yako Léontine


Nyabiondo, tarehe 11 Juni 2007

Madame,

Umesema jibu langu la ng'ombe lilikuwa na kurasa nne na liliishia kumuhukumu Muhire bila yeye kuwepo. Nakubali. Lakini ujue, Madame, hakuna muntu huku anayetambua ng'ombe kwa rangi. Tunaangalia pembe, alama ya sikio, na namna inavyomujibu mwenyewe akiiita. Ukileta logique yako mu kilima hiki utaleta vita ingine, na tulizonazo zinatosha. Sasa nitaandika ukurasa mumoja, hata kama unaniuma.

Nataka pia shauri la sheria. Binti yangu amebadilika. Anachota maji mara tatu kwa siku, na anarudi na ndoo nusu. Anacheka peke yake akikamua. Na nimemuona Bienvenu wa piki-piki akisimama naye kwenye kisima, akimupa kitu, naye anakificha mu kitenge. Bienvenu si kijana mubaya. Lakini ile piki-piki haina breki, na muntu asiyetengeneza breki atatengeneza nyumba namna gani? Nilikuwa nawaza huyu mutoto angesoma. Sheria inamupa baba nguvu gani ya kusema bado?

Karekezi


Nyabiondo, tarehe 14 Juni 2007

Dada Léontine,

Makumi saba juu ya mia! Niliruka mupaka ndoo ikamwangika. Jibu langu njo lilelile nililokuandikia: jirani naye anaweza kuwa na ng'ombe nyeusi. Sioni namna muntu anaweza kushindwa hapo.

Lakini iko jambo linanisumbua, na wewe njo muntu wa sheria pekee ninayemujua. Papa iko na mwanamuke. Alianza kufua shemizi yake mwenyewe. Anakaa mu zizi akisoma barua, na nikikaribia anaiingiza mu kofia. Mara moja alitoka na kofia mupaka kanisani, alipoivua kwa kuomba, karatasi ikaanguka, akaikanyaga mupaka mwisho wa misa. Nilimubana Bienvenu: «Barua za papa zinatoka wapi?» Akasema: «Nimeapa.» Nikamwambia: «Sema tu kama ni ya mwanaume ao ya mwanamuke.» Akaangalia juu, akasema: «Ya mwanamuke. Tena anaandika mingi.»

Sikatai papa aoe. Iko peke yake miaka sita. Lakini sheria haisemi kwamba mutoto mukubwa amuone huyo mwanamuke mbele ya ndoa? Kama ni mukali? Kama ananifukuza na vitabu vyangu?

Tuyisenge


Pinga, tarehe 25 Juni 2007

Papa Karekezi,

Kwa swali lako: sheria inataka mtu anayedai alete ushahidi. Ndoo nusu si ushahidi. Usimguse Bienvenu, yeye ndiye njia yetu ya pekee. Fanya zoezi la saba.

Léontine


Pinga, tarehe 25 Juni 2007

Tuyisenge,

Sheria haikupi haki ya kumchagulia baba yako mke. Lakini juu ya huyo mwanamke wa barua naweza kukuambia hivi, na usiniulize nimejuaje: vitabu vyako havitafukuzwa. Fanya zoezi la sita, umechelewa.

Léontine


Masisi-centre, tarehe 3 Septemba 2007

Dada Léontine,

Tuko wazima. Naanza na hiyo sababu najua umesikia mambo ya Nyabiondo. Tunalala mu darasa moja la parokia, pamoja na familia zingine sita.

Masasi ya vita ilianza asubuhi tukiwa tunakamua. Papa akasema: «Kila muntu abebe kitu kimoja, twende.» Nyogokuru akabeba sufuria. Mimi nikasema nimebeba unga. Papa akasema amebeba maharagi. Tukatembea siku nzima mu mvua, na kila kilima papa ananiuliza: «Unga haijalowana?» Na mimi: «Maharagi haijalowana?» Kila muntu amekumbatia mufuko wake kama mutoto muchanga.

Tulipofika hapa Nyogokuru akawasha moto, akaweka maji. «Leteni unga.» Nikakaza mufuko wangu kifuani. «Basi leteni maharagi.» Papa akaangalia dari. Nyogokuru akachukua mifuko yote mbili, akaimwaga chini mbele ya familia sita.

Karatasi tupu! Masomo yako, Dada. Ya papa huku, yangu kule, mwandiko uleule, wino mwekundu uleule. Nyogokuru hajui kusoma lakini anajua kuangalia. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kuume, akauliza: «Huyu muntu wa Pinga anawaandikia wote wawili?»

Papa akaokota karatasi moja yangu. «Ulipata makumi saba kwa zoezi la ng'ombe?»

«Wewe ulipata ngapi?»

«Makumi ine na tano,» akasema polepole. Kiisha akaanza kucheka. Alicheka mupaka akakaa chini juu ya sheria zote za Congo. Sijamusikia akicheka vile tangu mama afe. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sababu yule bibi harusi niliyekuwa namuogopa kumbe ni wewe! Na papa akanyoosha mikono juu akisema: «Na Bienvenu, masikini, nilikuwa nimemunyima maziwa miezi miwili.»

Watu wa darasa wakatupa unga na maharagi ya kweli. Nyogokuru akakula bila kutusemesha. Ng'ombe zilitawanyika, hatujui ziko wapi.

Tuyisenge


Masisi-centre, tarehe 10 Septemba 2007

Madame Léontine,

Nilikukasirikia siku moja. Ulijua, na ulitusoma wote wawili kama sinema. Kesho yake nikawaza: kama ulinificha mutoto wangu mwenyewe, basi siri ya muntu mwengine ukiipewa itazikwa nawe. Nikikosa kuwa avoka, nitakuwa muteja wako.

Sasa nikuambie kesi tuliyokuwa nayo hapa. Concours ni tarehe 8 Oktoba. Muntu mumoja alipaswa kubaki na mama na kutafuta ng'ombe. Mimi nikasema Tuyisenge aende Goma. Yeye akasema apana, ni mimi. Tulibishana mupaka mama akakasirika, akaenda kukaa kwenye kiti ya mwalimu, akasema: «Semeni hapa. Mumoja kiisha mwengine.» Familia zote zikasogea.

Nikasimama, nikasema vizuri sana: «Mutoto huyu iko na maisha mbele yake. Muntu mwenye wakati murefu njo anapaswa kupewa nafasi.»

Tuyisenge akasimama. «Papa amesema mwenyewe kwamba niko na wakati murefu. Mwenye wakati anaweza kungoja. Asiye nao hawezi. Nimemaliza.»

Watu wakapiga mikono! Madame, nilishindwa na maneno yangu mwenyewe, mbele ya watu makumi tatu, na nilikuwa na furaha kama muntu aliyeshinda.

Lakini mama hakumupa yeye ushindi. Akauliza: «Hizo ng'ombe, nani alizichunga mbele ya nyinyi kuzaliwa?» Tukasema ni yeye. «Basi zinajua sauti yangu. Kanyamibwa atatoka Sake anisaidie kuzitafuta. Nyinyi mwende wote wawili, niache kusikia makelele.» Kanyamibwa ni binamu yangu. Amefika jana na fimbo mbili, moja yake, moja ya mama.

Tunashuka Goma wiki ijayo. Naogopa dissertation, ile insha ya kifaransa, kuliko njia.

Karekezi


Buleusa, tarehe 24 Septemba 2007

Papa Karekezi na Tuyisenge,

Kwa mara ya kwanza naandika barua moja kwa watu wawili, na mkono wangu unashangaa.

Njia ya Nyabiondo imefungwa, kwa hiyo nazunguka. Nimetembea siku tatu kutoka Pinga, na leo watu wa Buleusa wamenipa mihogo na mahali pa kukausha viatu. Kesho naendelea kupanda kuelekea kwetu Butembo, halafu nishuke Goma kwa lori. Barua hii anaibeba mfanyabiashara anayenitangulia Goma. Mtanipata huko kwa shangazi yangu Élisabeth. Mtihani wangu ni wiki moja baada ya wenu.

Nyinyi mlinipa siri zenu siku ya kwanza. Mimi sikuwapa yangu. Karatasi niliyobandika kwenye depo haikusema kwamba mwaka jana nilianguka mtihani wa barreau. Nilisimama mbele ya wazee watatu, wakaniuliza kitu chepesi kabisa, muda wa kukata rufaa, kitu ambacho nimewafundisha nyinyi wawili. Ulimi ukaganda. Nilitoka pale, nikapanda gari, nikasema naenda kumsaidia Kavira dukani. Sikuwa naenda kumsaidia mtu. Nilikuwa najificha. Nilianza kufundisha kwa barua kwa sababu kwenye barua hakuna anayekuona ukitetemeka.

Halafu mzee mmoja akaniandikia kurasa nne juu ya pembe za ng'ombe, na binti mmoja akanidai deni la gundi. Kila jioni nilipofunga duka nilikuwa na hamu ya kusoma tena. Mkitaka kunidharau, mnidharau baada ya tarehe 8. Kabla ya hapo mle vizuri, na msome swali mara mbili.

Léontine


Goma, tarehe 24 Oktoba 2007

Papa Karekezi, Tuyisenge, na Mama Mukabaranga ambaye atasomewa,

Natumaini mlifika salama Sake kwa Kanyamibwa. Shangazi Élisabeth bado anawasifu watu waliobisha hodi kwake na fromage kubwa kama gurudumu. Nimesikia pia kwamba Mama alifika huko na ng'ombe kumi na moja. Hongera yake, kwanza kabisa.

Liste imebandikwa leo. Nilienda asubuhi, nikapigana na umati, nikasoma.

Papa Karekezi amepokelewa. Ni wa ishirini na saba kwenye liste.

Tuyisenge, jina lako halimo. Nilisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kisha nikaingia ofisini kuuliza. Ulikosa alama tatu. Ni dissertation, uliandika vizuri na hukumaliza. Nimekaa nusu saa na kalamu hii nikitafuta njia nyingine ya kulisema, na haipo.

Mimi nimepita. Nitakula kiapo tarehe 10 Novemba. Nilitaka kuweka habari hii mwisho kabisa, isimkanyage mtu.

Léontine


Sake, tarehe 27 Oktoba 2007

Maître Léontine,

Nakuandikia nikiwa mu zizi, Tuyisenge asione. Wewe sasa ni avoka, njo nakuita Maître, na nataka unifanyie kazi. Andika kwa wakubwa wa Faculté ya Droit: Karekezi Eugène anatoa nafasi yake kwa binti yake Tuyisenge. Nitatia sahihi mahali popote. Nimeishi miaka makumi mbili bila Droit, naweza kuongeza.

Yeye hakulia mbele yangu. Alisema «hongera, Papa», akachukua ndoo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na ndoo ilikuwa tupu.

Karekezi


Sake, tarehe 27 Oktoba 2007

Dada Léontine,

Papa iko mu zizi na ameingiza karatasi mu kofia. Najua anachokuandikia. Ukatae.

Nililia, sitakudanganya. Nililia siku mbili kwenye mto, nikitukana saa ya ukuta ya kile chumba cha mutihani. Nilikuwa na mambo mingi ya kusema, na nikayapanga vizuri mupaka wakati ukaisha. Siku ya tatu nikamuona papa anafundisha ng'ombe kusimama anaposema «Mesdames, Messieurs», kama avoka mbele ya tribinali. Alipogeuka akaniona, akajifanya anaita mbwa. Hatuna mbwa.

Yule mama mujane wa shamba alimungojea muntu wa kumusemea, na papa akakalishwa kwenye benchi. Mimi nataka aingie mule tena na asikalishwe. Concours yangu itarudi mwaka ujao. Umri wake hautarudi. Nilimushinda na hoja hiyo mu darasa la parokia, na ingali ni yangu.

Tuyisenge


Goma, tarehe 1 Novemba 2007

Papa Karekezi,

Nimepokea ombi lako, la kwanza nililoletewa kama avoka, hata kabla ya kiapo, na nalikataa. Nafasi ya concours haihamishwi, si kwa mtoto, si kwa ndugu. Hata ingehamishwa, nisingeandika. Sababu sitakuambia, ni siri ya mteja mwingine.

Masomo yanaanza tarehe 12. Uje na koti. Tuyisenge nitamtayarisha upya kuanzia wiki ijayo, na safari hii tutafanya kila zoezi kwa saa. Tarehe 10 mje wote mnione nikila kiapo. Mama Mukabaranga ameshanitumia salamu kwamba atakaa mbele.

Maître Léontine Mbambu


Sake, tarehe 22 Novemba 2007

Papa,

Bienvenu, ambaye piki-piki yake sasa inafanya njia ya Sake na Goma, ametuambia unakaa safu ya nyuma. Apana, Papa. Nenda mbele. Ametuambia pia kwamba siku ya kwanza uliingia na koti la Kanyamibwa, darasa lote likasimama, na wewe ukawaambia «kaeni» mbele ya kujua walifikiri wewe njo profesa. Nyogokuru amenisimulisha hiyo mara tano.

Huku tuko salama. Ng'ombe ile ya pembe fupi imezaa, dume. Notes zako za wiki ya kwanza zilifika. Mwandiko wako ni mubaya, lakini nimezisoma zote, na ukurasa wa tisa uliandika kinyume cha alichosema profesa, muulize.

Sasa jambo lenyewe. Mukasine na wamama wengine wanaopeleka maziwa Goma walikuja jana. Kwenye kizuizi cha askari, mu njia ya Goma, iko mukubwa mumoja anayekunywa kikombe kimoja cha kila jerikani, anasema anahakikisha haina sumu. Wamama kumi na wawili, asubuhi na jioni. Mukasine anasema yule muntu ameanza kunenepa kama ndama wa Pasaka. Wamechoka, wanataka kumwambia mbele ya komanda wake, na wanataka muntu wa Droit. Nikawaambia yupo, anakuja Jumamosi.

Nimeandika malalamiko yao. Dada Léontine ameyasoma, akafuta maneno mawili tu, akasema tuyapeleke sisi wenyewe, mchana, watu wakiona, na yeye atapanda kutoka Goma kuwa nasi. Basi usichelewe gari la kwanza.

Wamama wananiuliza nani kati yetu atasema mbele ya komanda. Nimewaambia ni wewe. Lakini ukinyamaza kuvuta pumzi, Papa, ujue nimesimama pembeni yako.

Binti yako,
Tuyisenge